Maji Machungu ya Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wetu wa kwaya hakuweza kupita karibu na kitu chochote bila kukigonga. Alikuwa anagonga sufuria yako, mlango wako, papai likiwa bado mtini, mtungi wa gesi, halafu anainamisha kichwa na kukutajia noti. "Mlango wako uko la," aliniambia siku niliyohamia jirani naye hapa nje kidogo ya mji wa Kakamega, kabla hata hajanisalimu. Nilidhani nimepakana na mwendawazimu. Baadaye nilijiunga na kwaya yake, nikaimba sauti ya pili kwa miaka mingi, nikaona kwamba sikuwa nimekosea sana.

Hajawahi kuniita kwa jina langu. Kwake mimi ni Sauti ya Pili, hata tukikutana sokoni, hata alipokuja kunipa pole nilipofiwa na mama. Kijana mmoja mnene aliyeimba nasi alikuwa Besi tu, na Besi ndivyo tunavyomwita hadi leo ingawa ana mke na watoto na kazi Nairobi. Binti wa mwalimu peke yake, mtoto wake wa pekee, ndiye aliyepata jina lenye upole: mama. Wababa wengi wa huku huwaita binti zao hivyo. Tofauti ni kwamba huyu wetu alilitamka kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyo na hakika kama atafunguliwa.

Siku hizi hata wasioijua kwaya wanamjua kwa sababu ya maji yake. Watu wanatoka Iguhu, wanatoka Navakholo, wanauliza njiani, "Yule mzee wa maji ya gesi anakaa wapi?" Nami huwaelekeza kwa majivuno, kwa kuwa maji hayo yanakaa kwenye friji yangu. Hakuniomba ruhusa. Alikuja tu asubuhi moja na chupa mkononi, akalisukuma bakuli langu la maharagwe pembeni, akaziweka na kuondoka akisema friji yangu inaimba vizuri.

Lakini lazima niseme ukweli wote, maana picha yenye nusu ya uso haimfai mtu. Mwalimu wetu alikuwa mlevi. Si mnywaji wa sikukuu. Mlevi kabisa, wa busaa kila mchana na kitu kikali zaidi busaa ikiisha. Na ajabu yake ni kwamba alipokuwa amelewa ndipo mikono yake ilipotulia. Alikuja mazoezini akiyumba mlangoni, akisimama mbele yetu mikono inainuka sawasawa, na tukikosea robo ya noti anatusimamisha. "Soprano, mnaimba ama mnaita kuku?" Tulimwogopa, tulimcheka, tulishinda mashindano. Mchungaji aliyaona yote na kunyamaza kwa sababu ya vikombe vilivyopangwa ofisini mwake.

Alikuwa mtu wa kuwakataza wenzake aliyoyafanya yeye. Alitukataza kula chochote kabla ya kuimba, na yeye aliongoza kwaya huku njugu zikiwa shavuni. Aliwafukuza wanaochelewa, naye tulimngoja mvua ya saa tisa ikatukuta nje. Alisema sukari inaharibu koo, kisha unamkuta nyuma ya trekta la miwa amekaa na kipande cha muwa, ametulia kama mtoto. Ukimwambia, anakujibu, "Sauti ya Pili, mimi ni mwalimu. Si mfano." Alilisema hilo mara nyingi sana, na kwa muda mrefu tulilichukua kuwa mzaha.

Kisha mkewe akafa. Tulisimama kaburini tukiwa na sare zetu, jeneza limeshafika, mchungaji ametikisa kichwa kwamba tuanze, na mwalimu hayupo. Walimkuta jikoni kwa mama mmoja muuza busaa, amelala kando ya kuni. Binti yake alikuwa bado msichana wa sekondari. Alitoka mbele ya familia, akasimama mahali pa baba yake, akaanzisha wimbo. Hakulia hata kidogo. Sisi ndio tulilia, na tukaimba vibaya kuliko siku zote.

Jioni ya siku ile mwalimu alipoletwa nyumbani, binti alimwambia mbele yetu wanawake tuliokuwa tunaosha sufuria: "Baba, siku nitakapoolewa, utanipeleka ukiwa mzima, ama nitaenda peke yangu. Ukionja tena, usijihesabu kuwa na mtoto." Sijawahi kusikia mtoto wa huku akimwambia baba yake maneno kama hayo. Tulitazama chini. Mwalimu naye alitazama chini.

Akaacha. Nikisema akaacha, msidhani ni jambo la kuamka na kuacha. Alitetemeka. Alijifungia. Aliporudi kwaya, mikono yake ilikuwa inaruka ovyo, hatujui kama anatuambia tuingie au anafukuza nzi, na mwaka ule tulishindwa na kwaya ambazo zamani tulikuwa tunazicheka. Kuna waliosema kwa sauti kwamba alikuwa bora akinywa. Mimi nilikasirika sana na watu hao, na mmoja wao sijamsamehe vizuri mpaka leo.

Alichokosa zaidi, aliniambia siku moja akiwa ameegemea ua wetu, hakikuwa kulewa. "Nakosa uchungu kwa ulimi. Nakosa ile gesi. Na nakosa wazee wenzangu." Kwa sababu huku kwetu busaa hainywewi peke yako. Mtungi mkubwa unawekwa katikati, wazee wanauzunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, oluseke, unaofika kutoka kitini hadi ndani ya mtungi. Mambo yote yanaongelewa hapo: mipaka, ndoa, matanga, siasa. Asiye na mrija hana kiti. Walipomkaribisha na soda, alikaa pembeni akinyonya kitu kitamu kama mtoto wa shule, akaacha kwenda.

Aliyemwokoa, bila kujua anaokoa, ni Besi. Alipata kazi kwenye kiwanda kidogo cha bia huko Nairobi, na alipokuja likizo alileta pakiti ya hopsi, yale maua makavu ya kijani yanayoipa bia uchungu na harufu. Alitaka tu kumwonyesha mwalimu kitu cha ajabu. Mwalimu alinusa. Akanusa tena. Akaifunga pakiti, akaitia mfukoni na kumwambia Besi arudi nyumbani kwao kusalimia mama yake.

Alianza kutengeneza maji yake machungu kwa chupa za kioo, na hapo ndipo tulipopata aibu yetu kubwa. Alihitaji mahali penye joto, akaona hakuna penye joto kama chumba cha nyuma ya madhabahu, chini ya mabati, kwenye sanduku la majoho ya kwaya. Jumapili, kanisa zima limeinamisha vichwa katika maombi ya kimya, chupa ya kwanza ikalipuka. Kisha ya pili. Wazee wa kanisa walilala chini ya viti. Mchungaji alipiga kelele kwamba ni transfoma. Majoho yetu yalitoka yamelowa, yana vipande vya kioo, yananuka kama baa, na mwalimu amesimama katikati ya kanisa akisema, "Sukari ilizidi."

Unaweza kufikiria yaliyosemwa wiki ile. Mwalimu anapika pombe kanisani! Binti yake, ambaye wakati huo alikuwa amekuwa muuguzi upande wa Iguhu, alipanda bodaboda akiwa na sare ya kazi. Nilisikia kila neno kupitia uani, na sikujaribu kuacha kusikia.

"Hamira na sukari, baba. Si ndiyo pombe hiyo?"

"Si pombe, mama. Sukari ni kidogo sana. Hamira inaila, inatoa gesi, inakosa kingine cha kula, inalala. Kileo kinachobaki ni kama kile cha ndizi iliyoiva sana."

"Na siku ukiongeza sukari?"

"Chupa inapasuka. Umesikia mwenyewe, Kakamega yote imesikia. Chupa ndiyo askari wangu, mama. Hainiruhusu."

Binti hakucheka. Alisema atakaa na kutazama. Akatazama: kila alipokuja nyumbani alifungua chupa, akanusa, akaonja tone, akatema, akafunga. Hakusema vizuri wala vibaya. Mwalimu alikuwa anasimama kando yake mikono nyuma, akingoja kama mtahiniwa.

Baada ya kioo alihamia kwenye chupa za plastiki zilizowahi kuwa za soda, zinazotanuka kabla ya kupasuka. Njia yake naijua sasa hata nikiwa usingizini. Anachemsha maji, anaepua, anayaacha mpaka uweze kuchovya kidole na kukitoa haraka bila kupiga kelele. Hapo ndipo anatia hopsi, anazotumiwa na Besi kutoka Nairobi, kiasi cha kubanwa kwa vidole vitatu. Ukizitia maji yakitokota, anasema, utapata dawa ya malaria. Zikishatoa rangi anachuja kwa kitambaa safi, anakamulia limau, anangoja yapoe kabisa. Kisha sukari kijiko kidogo kwa kila chupa, kilichopigwa wembe juu kikawa sawa, na chembechembe za hamira. Anafunga kifuniko mpaka mshipa wa shingo unamtoka. Chupa zinakaa karibu na jiko, na gesi ikikosa pa kutokea inaingia kwenye maji.

Anajuaje kwamba ziko tayari? Anazigonga kwa ukucha. Chupa laini ina sauti ya chini; gesi ikijaa, plastiki inakaza na sauti inapanda. "Hii bado iko mi," anasema. "Rudisha." Ikifika so, inaletwa kwenye friji yangu. Nilijaribu kumwambia kuna njia rahisi ya kubonyeza chupa kwa kidole gumba kama watu wengine. Alinitazama kwa huruma.

Ladha yake? Kwanza uchungu, unakuja mbele bila adabu. Kisha harufu ya majani ya limau na nyasi zilizokatwa asubuhi. Halafu gesi inauma ulimi, macho yanatoa machozi kidogo, na unacheua kwa raha ambayo soda haijawahi kukupa. Mara ya kwanza nilichukia. Mara ya tatu nilianza kuficha chupa moja nyuma ya sukuma wiki.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, ambayo ilikuwa juzijuzi tu, Desemba iliyopita.

Binti alipata mchumba kutoka Lumakanda, na watu wa upande ule wakatuma ujumbe kwamba watakuja kuleta mahari. Mjumbe aliongeza jambo moja kwa sauti ya chini: mzee wao mkubwa hazungumzi mambo ya ndoa bila mtungi. Chai, alisema, ni ya wagonjwa. Na kwa desturi yetu, mwenye boma ndiye anayetangulia kuvuta mrija, kuonyesha wageni kwamba kinywaji ni safi. Hawezi kumtuma mtu avute kwa niaba yake.

Basi mwalimu akabanwa. Akikataa mtungi, wageni wanarudi na ng'ombe wao na binti anaaibika. Akivuta busaa, hata mara moja, anarudi kwenye jiko la yule mama muuza busaa, na binti alishasema mbele yetu atakachofanya. Alimkumbusha tena wiki ile, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko hasira: "Baba, nikisikia harufu yake hapa, sitatoka jikoni." Nilimwona mwalimu amekaa kwenye kigoda nje, ameshika kichwa, na niliogopa kwa ajili yake kuliko nilivyoogopa miaka yote ya ulevi wake.

Alinunua mtungi mpya, wenye mdomo mpana, usio na harufu ya kitu. Akawaita wazee wenzake wa zamani waje kujaribu. Walikuja wote, kwa udadisi tu, na mirija yao. Mwalimu akamimina chupa zake ndani ya mtungi kwa fahari, povu likapanda likashuka, wazee wakachukua muda wao kusalimiana na kuulizana habari za mahindi kama ilivyo adabu, na walipovuta hapakuwa na gesi hata chembe. Ilikuwa imeondoka yote. Yule aliyesikia kila noti duniani alikuwa amesahau kwamba mtungi hauna kifuniko.

"Haya ni maji ya kuoshea vyombo," mmoja akasema, akapangusa mrija wake akaenda.

Siku mbili mwalimu hakugonga kitu chochote. Mimi nilikuwa nyumbani kwake nikisaidia maandalizi, nikamwambia anisogezee karai nililokuwa nimetia soda za wanawake kwenye maji baridi, kama tunavyofanyanga kwenye kila harusi na kila matanga. Akashika karai, akasimama nalo. Akatazama soda zimesimama ndani ya maji, shingo nje. Akaniachia karai miguuni, nusura anivunje kidole, akakimbilia mtungi wake.

Siku ya wageni mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na walifika kwa bodaboda wakiwa na matope hadi magotini, ng'ombe nyuma kwenye pikapu. Mzee wao alikuwa mrefu, na tai, na kofia, na ule mkoba mwembamba wa mwanzi ambao wazee wa zamani hubebea oluseke zao. Alikuwa amekuja na mrija wake mwenyewe. "Mulembe," akatusalimu, akakaa, akainua shingo kutazama mtungini.

Ndani ya mtungi kulikuwa na maji baridi kutoka chemchemi, na ndani ya maji zimesimama chupa za mwalimu, duara zima, vifuniko vimefungwa bado.

"Sasa hii ni nini?" akauliza mzee. "Tumekuja boma ya watu ama tumekuja kwa duka?"

Sisi wa jikoni tulikuwa tumejibana mlangoni, binti mbele yangu, nimemshika bega. Mwalimu akasimama. Nilitegemea azunguke, maana ana maneno mengi, lakini hakuzunguka.

"Mzee, mimi ni mlevi," akasema. "Niliacha. Nikivuta busaa leo na nyinyi, kesho mtanitafuta kwa mtaro, na huyu binti mnayemtaka hatakuwa na baba. Singetaka mje kwangu nikae pembeni na chai kama mgonjwa. Kwa hivyo nimewatengenezea kitu chungu kwa mikono yangu, na mtungi ni mmoja, na mirija ni yenu. Kileo hakuna cha kumshika mtu. Kama hiyo ni matusi kwenu, semeni mimi nikiwa nimesimama."

Akainama, akafungua chupa ya kwanza, ikalia fsss, akazamisha mrija wake ndani ya shingo ya chupa na kuvuta. Povu likapanda na kumwagika mtungini. Akameza. Akangoja.

Mzee wa Lumakanda aliitazama ile chupa, akamtazama mwalimu. Kisha akafungua mkoba wa mwanzi. Akatoa oluseke yake, ndefu, imesuguliwa ikang'aa, akaelekeza ncha yake kwenye chupa iliyofunguliwa mbele yake, akaizamisha na kuinama. Povu lilitoka kwa kishindo, likampanda kidevuni na kwenye tai. Wenzake wakashtuka. Akaendelea kuvuta. Alipoinua uso machozi yalikuwa yanamtoka, akafungua mdomo kusema, na badala ya neno akacheua kwa sauti iliyomnyamazisha jogoo wa jirani.

"Inauma!" akasema. "Wazee, hii kitu inauma kuliko busaa!" Akavuta tena. "Na mimi daktari alinikatazanga pombe tangu mwaka jana, nikaogopa kusema. Leteni viti karibu."

Wakasogea. Mirija yote ikaingia mtungini, ya kwao na ya kwetu, na vifuniko vikawa vinalia kimoja baada ya kingine. Hata yule wa maji ya kuoshea vyombo alikuwepo, na nilimwona akivuta zaidi ya wote. Waliongea mpaka ingokho, kuku wa wageni, ikapoa, mara wanabishana, mara wanacheka, na hakuna mtu hata mmoja aliyeinuka akiyumba.

Kisha ukafika wakati wa kumwita binti. Kwetu baba hapokei mali mpaka amwulize mwanawe mbele ya watu. Nilitoa mkono begani mwake, naye akatoka. Hakwenda kusimama pale penye mkeka alipotandikiwa. Alipita katikati ya wazee, jambo ambalo bibi arusi hafanyi, akafika kwa baba yake, akamtoa mrija mkononi, akainama juu ya mtungi na kuvuta. Akavuta kwa muda mrefu, na safari hii hakutema.

Mwalimu akageuka kumtazama. Akauliza swali lake. "Mama, nipokee ng'ombe za hawa watu?"

"Pokea, baba," akasema, mrija bado uko mkononi mwake. "Wewe ndiye utanipeleka."

Mwalimu akalia mbele ya wakwe zake, waziwazi, bila kujifuta. Mimi nilikuwa bado nimeshika mwiko wa kusongea obusuma, ugali wetu. Nikapiga kigelegele cha kwanza, na wanawake wote wa jikoni wakanifuata.